"Fundi, umepunguaje?" Maswali ninayoulizwa kuhusu uzito, mazoezi na chakula cha nyumbani

Nashona nguo za kike Tabata, Dar es Salaam, mwaka wa kumi na nane huu. Mteja akishasimama mbele ya kioo, nami nimemzungushia futi kamba kiunoni, ndipo maneno ya mwili yanapoanza kutoka. Maswali ni yale yale, kwa hiyo nimeyaandika hapa pamoja na majibu ninayoyatoa. Mengine nilifundishwa kliniki, mengine ni maoni yangu, na pale yanapokuwa yangu nitasema.

Wewe ni fundi cherehani. Mambo ya uzito umeyajulia wapi?

Kwenye daftari la vipimo, kisha kliniki. Daftari langu lina wanawake niliowapima tangu wakiwa mabinti. Naona kiuno cha inchi 29 kinafika 34, kinafika 40, na mwenyewe anakuja kulalamika kwamba nimembania gauni. Nilikuwa nayaona ya wenzangu, ya kwangu siyaoni.

Mwaka 2019 kichwa kiliniuma wiki nzima, nikaenda kupimwa. Presha ilisoma 152 kwa 96. Nesi akanipumzisha, akapima tena, hali ikawa ile ile; nikarudi siku nyingine, ile ile. Uzito wangu ulikuwa kilo 89, urefu sentimita 160, kiuno inchi 41. Leo nina kilo 76 na kiuno inchi 35. Kilo hizo 13 zimenichukua zaidi ya miaka miwili. Kwa hesabu za kliniki bado uzito wangu umezidi, ila presha imetulia, daktari amenipunguzia dawa, na ngazi za ghorofa ya tatu kwa dada yangu napanda bila kusimama katikati.

Nitajuaje kama uzito wangu umezidi?

Kliniki wanachukua kilo zako, wanagawa kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mimi kwa mfano: 1.6 mara 1.6 ni 2.56, kilo 89 gawa kwa 2.56 unapata karibu 35. Kati ya 18.5 na 24.9 uko vizuri, 25 kwenda juu umezidi, 30 kwenda juu ni unene wa kupindukia. Hesabu hiyo ilianza na Mbelgiji Adolphe Quetelet miaka ya 1830, mtu wa takwimu aliyekuwa anatafuta umbo la wastani la watu wengi, wala si kumpima mgonjwa mmoja mmoja. Kwa hiyo haiwezi kukuambia kama kilo zako ni misuli au mafuta, wala mafuta hayo yamekaa wapi.

Ndiyo maana mimi naamini uzi kuliko mizani. Chukua uzi, mtu akupime kuanzia kisigino hadi utosini, ukate. Ukunje katikati. Huo nusu uzungushe tumboni, usawa wa katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umeshusha pumzi bila kubana tumbo. Ncha zikikutana, vizuri. Zisipokutana, mafuta yamekaa mahali pabaya, karibu na ini na utumbo, hata kama watu wanakuita mwembamba. Na angalia, kiuno hicho si kile ninachokupimia sketi. Cha sketi ni pale unapofungia nguo, na wanawake wengi hufungia juu, mahali palipobonyea.

Kwa nini unasema tupime jiko kabla ya kujipima wenyewe?

Swali hili ndilo ninalopenda kulijibu kwa kirefu, kwa sababu ndilo lililonibadilisha.

Nilipotoka kliniki nilijipikia sufuria yangu peke yangu: mboga za kuchemsha bila mafuta, kipande cha kuku, hakuna wali. Nikavumilia siku tisa. Siku ya kumi nilipika pilau ya watoto, harufu ikanishinda, nikala sahani mbili. Mwanamke anayepikia watu watano hawezi kuishi kwa sufuria mbili. Pesa haitoshi, muda hautoshi, na unakaa mezani kama mgeni nyumbani kwako. Maoni yangu tangu siku ile ni haya: chakula cha afya kisichoweza kupakuliwa kwa nyumba nzima hakitadumu.

Basi nikaanza kupima kinachoingia jikoni. Niliandika tarehe kwa kalamu ya wino mzito juu ya dumu la mafuta, pakiti za sukari na pakiti za chumvi, kila nilipofungua.

Mafuta: dumu la lita 5 lilikwisha siku ya 30. Tuko watano, kwa hiyo kila mtu alikula lita nzima kwa mwezi, mtoto wa darasa la kwanza akiwemo. Kwa siku ni vijiko viwili vya chakula na ziada, kama kalori 270. Hizo zinakaribiana na zile anazochoma mtu mzima kwa kutembea haraka saa nzima, na hapo hatujahesabu sambusa na chapati za kununua nje.

Sukari: kilo 6 kwa mwezi, yaani gramu 40 kwa kila mtu kwa siku. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nishati yote, ambayo kwa mtu anayekula kalori 2,000 ni gramu 50, na linasema ni bora zaidi ikiwa chini ya 25. Ungeniuliza ningekuambia sisi hatuli sukari nyingi. Tulikuwa tunaila yote kwenye chai na uji, soda bado.

Chumvi: kipimo cha mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai. Kwa watu watano ni gramu 750 kwa mwezi, pakiti moja na nusu za nusu kilo. Sisi tulimaliza pakiti mbili, tukaongezea vile vidonge vya kuunga mchuzi, ambavyo navyo vimejaa chumvi.

Sikumwambia mtu yeyote nyumbani kwamba tuko kwenye mpango. Nilichofanya ni kuacha kumimina mafuta moja kwa moja kutoka kwenye dumu. Nilichukua kijiko cha chakula, nikakifunga kamba kwenye mpini wa dumu, na sheria ikawa vijiko vinne kwa sufuria ya watu watano. Vitunguu vikianza kushika chini nadondoshea maji kidogo, naendelea kukaanga. Wiki ya kwanza mume wangu aliuliza kama mafuta yamepanda bei. Wiki ya tatu hakuuliza tena. Sasa dumu lile lile linafika wiki ya saba, sukari imeshuka kilo 3, na kabati la chumvi nalipitia mara chache zaidi. Hakuna aliyekula kwa huzuni.

Niache ugali na wali?

Hapana. Wanariadha wa Kenya wanaoongoza mbio ndefu duniani wanakula ugali, na Eliud Kipchoge hajawahi kuuficha. Shida si ugali, ni mlima. Sahani zetu nyingi ugali umejaa robo tatu, mboga kijiko kimoja pembeni, na samaki kwa ajili ya baba.

Geuza sahani. Nusu yake iwe mboga za majani: mchicha, matembele, kisamvu, majani ya maboga, au bamia na nyanya chungu. Robo iwe maharage, kunde, dagaa, samaki, mayai au nyama. Robo iliyobaki ndiyo ya ugali au wali, kiasi cha ngumi yako iliyofungwa. Ukiweza chukua dona badala ya sembe, maana sembe imeondolewa ganda na kiini na nyuzinyuzi zake. Kisamvu cha nazi ni chakula kizuri, ila nazi nayo ni mafuta. Ukiweka tui, usiweke na mafuta ya kupikia.

Nasikia watu wakisema kula hivyo ni ghali. Fungu la matembele ni nafuu kuliko sahani ya chipsi, na dagaa wanaliwa na mifupa yao, kwa hiyo unapata na madini ya chokaa. Kilicho ghali ni muda wa kuchambua, na huo naukubali. Mimi nachambua usiku nikisikiliza taarifa ya habari.

Na chipsi mayai?

Nakula mara moja kwa mwezi, na kachumbari nyingi. Kila siku jioni, hapana.

Soda nimeacha, nakunywa juisi tu. Ni sawa?

Chupa ya soda ya mililita 350 ina sukari karibu gramu 37, yaani vijiko vinane hadi tisa vya chai. Wengi wakisikia hivyo wanakimbilia juisi. Lakini juisi ya embe ya mgahawani imechujwa nyuzinyuzi na kuongezwa sukari, na juisi ya miwa ni sukari yenyewe. Kula embe. Utashiba kabla hujamaliza la pili, ila glasi ya juisi ya maembe matatu utaimaliza umesimama. Kiu ya Dar inataka maji. Dafu mara moja moja ni zuri.

Maji ya moto na limao asubuhi yanayeyusha mafuta?

Hayayeyushi. Wala tangawizi, wala mdalasini. Kunywa ukipenda ladha yake.

Sina hela ya jimu wala muda. Nifanye mazoezi gani?

Kipimo kinachotajwa na wataalamu ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli ya wastani, ile inayokuruhusu kuongea lakini si kuimba, pamoja na siku mbili za kutumia nguvu za misuli. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Nilianza kwa kushuka daladala vituo viwili kabla ya changu. Viatu vya kazini niliviweka kwenye mfuko, miguuni raba. Mwezi wa kwanza nilifika nimeloa, wa tatu nikawa nawapita watu.

Za misuli ni hizi: kaa kwenye kiti bila kushika kitu, inuka, kaa tena, mara kumi, pumzika, rudia mara mbili. Sukuma ukuta kwa mikono. Beba ndoo ya lita 10 kila mkono, nenda na kurudi uani. Wanawake wengi wanaogopa kwamba watatoka misuli kama wanaume. Haitoki kwa ndoo. Inachofanya ni kukuwezesha kuinuka chooni ukiwa na miaka 75 bila kuitia mtu.

Jumapili alfajiri Dar imejaa vikundi vya jogingi, na wanaokimbia taratibu nyuma wapo wa umri wote. Tafuta cha mtaani kwenu. Mimi nilikaa miezi miwili nikitazama kutoka dirishani kwa aibu ya mwili wangu, na siku niliyotoka mama mmoja wa miaka sitini na kitu alinishika mkono tukatembea naye mwanzo mwisho. Hakuna aliyenitazama.

Kuhusu hatua 10,000 zinazosemwa kwenye simu: namba hiyo ilitoka kwenye kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, ambacho jina lake lilimaanisha "kipima hatua elfu kumi". Ilikuwa namba ya biashara. Ukiwa unatembea hatua 3,000, zifanye 5,000; mwili wako utaona tofauti.

Kazi yangu ni ya kukaa, kama yako.

Kila bobini ikiisha uzi nasimama. Nafika mlangoni, nanyoosha mgongo, narudi. Wewe wa ofisini au dukani tafuta bobini yako: kila simu pokea ukiwa umesimama.

Nimepungua, na sasa watu wanasema naumwa. Niwajibu nini?

Hapa roho yangu inauma, kwa sababu najua limetoka wapi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini kwetu waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na ng'ambo ya mpaka, Uganda, watu waliuita ugonjwa ule Slim, yaani kukonda. Kizazi chetu kilikua kikiona wajomba na mashangazi wanakonda na kuondoka. Mwili mnene ukawa ushahidi kwamba mtu mzima yuko salama, ana mume anayemtunza na hela ya kula. Tukisema "umenawiri" tunamsifu mtu, na tukisema "mbona umekwisha" tumeshafikiria mengine. Huwezi kuyafuta hayo kwa hotuba barazani.

Mimi nilipofika kilo 80, jirani aliniuliza mbele ya wateja kama nyumbani kuna amani. Nilimjibu kwa upole, "Shoga, presha ilikuwa 152, nimeambiwa nipungue, na inashuka." Nikampa kadi yangu ya kliniki aione. Tangu siku hiyo yeye ndiye anayenitetea mtaani. Si lazima uonyeshe kadi, lakini namba ya presha watu wanaielewa, maana kila nyumba ina mtu mwenye presha.

Na sisi tuache kumsalimia mtu kwa mwili wake. "Umenenepa!" mlangoni, kabla hata ya shikamoo, inamharibia mtu siku nzima, na "umekonda!" vilevile.

Kuna chai ya kupunguza tumbo kwa siku saba. Nijaribu?

Usijaribu. Nyingi ya chai hizo zina majani ya sena, dawa ya kuharisha. Kinachotoka ni maji na kinyesi, kwa sababu dawa hiyo hufanya kazi kwenye utumbo mpana, na kalori zilishaingia mwilini huko nyuma. Mteja wangu mmoja alinunua kwa muuzaji wa mtandaoni kwa pesa ya kodi ya mwezi. Alipungua kilo tatu, nikampunguzia gauni la sherehe. Wiki mbili baadaye kilo zimerudi, na choo bila ile chai hakitoki tena.

Kubwa kuliko hilo ni vidonge vya kunenepa. Mabinti wanakuja wanataka nyonga kabla ya harusi, wanauziwa vidonge visivyo na jina vikiwa kwenye kifuko cha nailoni. Mara nyingi ni deksamethazoni au siproheptadini. Ya kwanza ni dawa yenye nguvu ambayo daktari huitoa kwa sababu maalumu. Ukila kiholela uso unavimba mviringo, sukari na presha vinapanda, mifupa inadhoofu. Na ukiizoea kwa muda mrefu kisha ukaacha ghafla, tezi zako zinakuwa zimelala, na unaweza kufa. Kwa hiyo kama tayari unatumia, usiache kimya kimya. Nenda hospitali ukaseme ukweli, waishushe taratibu. Mimi nitakuwekea tabaka mbili za kitambaa kwenye nyonga ya gauni, bure.

Mbona nafunga Ramadhani nzima na nanenepa?

Kwa sababu ya meza ya magharibi. Nimekulia Tanga, najua futari: mihogo ya nazi, magimbi, viazi vitamu, kaimati za shira, sambusa, juisi, kisha wali wa usiku na daku. Mimi nafuturu kwa tende na maji na uji mwepesi, nasali, halafu ndipo nakaa mezani, na kwa siku moja nachagua kitu kimoja cha nazi na kimoja cha kukaanga. Tarawehe naenda kwa miguu. Mwenye kisukari anayetumia dawa au sindano aonane na daktari kabla mwezi haujaandama, maana dozi na saa zake huenda zikabadilishwa.

Nimejifungua miezi mitatu iliyopita, tumbo halirudi.

Tumbo lilichukua miezi tisa kutoka, mama. Nyonyesha, kula ushibe, tembea taratibu ukiwa na mtoto mgongoni. Kujifunga kanga tumboni kunakupa nafuu ya mgongo, lakini hakuondoi mafuta, na ukikaza mno unajiumiza. Ukiona katikati ya tumbo pana mfereji unaoingia vidole viwili au zaidi, misuli imeachana. Mwambie nesi kabla ya kuanza mazoezi ya tumbo.

Uzito ulikuwa unashuka, sasa umesimama.

Mwili mdogo unatumia nishati kidogo kuliko ule mkubwa, kwa hiyo sahani iliyokupunguza ukiwa na kilo 90 inakutosha tu ukiwa na 80. Mimi nilisimama kwenye kilo 79 miezi mitano, lakini futi kamba iliendelea kushuka kwa inchi moja na nusu. Rudi kwenye dumu, angalia tarehe. Mara nyingi kijiko kimekuwa kinaongezeka chenyewe. Angalia na usingizi, maana anayelala kwa muda wa saa nne au tano tu huamka na njaa ya vitu vitamu.

Ni wakati gani niache ushauri wa fundi niende hospitali?

Ukipungua bila kutaka. Ukiwa na kiu isiyoisha na kukojoa sana usiku. Kifua kikibana ukitembea. Na hata usipokuwa na lolote, ukishapita miaka 40 kapime presha na sukari kila mwaka, kwa sababu presha haina dalili kwa wengi. Kabla ya kupimwa kaa dakika tano, miguu chini, mkono umeegemea meza, na usiongee. Ukisoma 140 kwa 90 au zaidi kwa siku tofauti, hiyo ni presha. Ukipewa dawa, kunywa, na usiziache kwa sababu umejisikia vizuri au umepungua kilo tano. Anayepunguza dawa ni daktari.

Unaweza kunishonea gauni dogo kidogo, linisukume nipungue?

Naombwa hili kila mwezi wa kumi na mbili, na sikubali. Nimeona magauni mengi yakining'inia kabatini miaka mitatu yakimsubiri mtu, na kila akifungua mlango anajisikia vibaya. Nakupima leo, nakushonea wa leo, gauni likukae vizuri utoke nalo Jumamosi hii. Ndani ya mishono ya ubavuni nakuachia inchi moja na nusu ya kitambaa kila upande. Ukipungua lete nibane, ukiongezeka lete niachie. Ni kazi ya nusu saa.